Nchi Wanakosema na Mitungi

Sogeeni karibu, maana nchi ninayotaka kuwapeleka haimo katika ramani ya ukutani, na njia yake siielezi. Ukiitafuta huioni, ukiwa na shida nayo unajikuta umefika.

Sikudhani alijikuta amefika. Alikuwa amemshika mkono bibi yake, Bi Mashavu, na mbele yao palisimama lango lenye nguzo mbili nene, na juu yake maandishi makubwa: HII NI ZINGATIA. ANAYEINGIA AWE MAKINI.

Huyu Sikudhani alikuwa msichana wa haya. Shule aliiacha darasa la tano, na mpaka siku anaiacha mwalimu wake alikuwa hajaisikia sawasawa sauti yake. Majibu alikuwa nayo. Mkono ndio uliokuwa hauinuki. Mbele za watu koo lake lilifunga kama mlango wa duka siku ya msiba. Kwa bibi yake tu ndiko alikokuwa chiriku.

Na Bi Mashavu naye alikuwa na lake. Akili ilikuwa imeanza kumponyoka. Mboga aliitia chumvi mara mbili, au asiitie kabisa. Alianza kufagia uani, akipita kuku anamfuata kuku, na fagio linabaki pale lilipoanguka. Majirani aliwachanganya majina, na siku nyingine hata Sikudhani alimwita kwa jina la mtu aliyekwisha kufa. Lakini jambo moja halikumponyoka: mdogo wake, Tabu, aliyeolewa Zingatia wakati wote wawili ni wasichana wabichi. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, aliuliza, "Sikudhani, tunakwenda lini kwa Tabu?" Basi mjukuu akaona ampeleke, kabla na hilo halijamtoka.

Mlinzi wa lango, mtu mnene mwenye kofia ya manyoya ya kanga, aliwauliza wako wangapi. Sikudhani alijibu, lakini jibu liliishia kifuani.

"Wangapi?" mlinzi alirudia.

"Wawili, baba," Bi Mashavu alidakia. "Mimi na huyu mke mwenzangu. Hapa anajifanya hana ulimi, lakini nyumbani ananisema mpaka nakimbilia kwa jirani."

Mlinzi alicheka mpaka kofia ikapinda. Akafungua lango na kuimba, kama ilivyo desturi yao, "Wameingia wawili, watatoka wawili!"

Ndani, moyo wa Sikudhani ulirukaruka kwa mambo aliyoyaona. Watu wa Zingatia walitembea macho mbele, shingo imenyooka, kama kila mmoja amebeba yai kichwani. Njia panda, Sikudhani na bibi yake walimpita mtu aliyekuwa akishtakiwa kwa kupiga miayo huku akielezwa bei ya vitunguu. Mbele kidogo palikuwa na Ofisi ya Wasikilizaji Wakuu. Mwananchi mwenye shida alisogeza mdomo kwenye tundu la ukuta, akaieleza shida yake yote, akashukuru, akaondoka. Sikudhani alichungulia kwenye lile tundu. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Lakini tundu lenyewe lilikuwa limechongwa vizuri sana, kwa nakshi.

Nyumba ya Fikirini, mtoto wa Bi Tabu, waliipata bila taabu. Yeye mwenyewe alitoka mbio, mikono imelowa maji.

"Mama mkubwa! Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu. Hee, umekuwa mtu mzima, na kitambi juu! Mama yako yuko wapi?"

Uso wa Fikirini ukasawijika. Akamtazama mkewe, Mwajabu, naye Mwajabu akatazama paa.

"Mama hayupo," Fikirini alisema taratibu.

Sikudhani akaukaza mkono wa bibi yake. Wamechelewa! Lakini macho yake yalikuwa yameshafika uani, na pale uani, karibu na mtungi wa maji, alikaa kikongwe mwenye sura ya Bi Mashavu mtupu, akimenya muhogo. Maganda aliyatia sufuriani, na muhogo aliutupa kwa kuku.

"We Tabu!" Bi Mashavu alipaza sauti. "Ndiyo umemenya nini hivyo?"

Kikongwe akainua kichwa. Kisu kikamtoka mkononi. "Dada Mashavu? Mbona umezeeka hivi?"

"Na wewe je, ndiyo umekuwa kigoli?"

Wakakumbatiana pale pale juu ya maganda, wanacheka, wanalia, wanapigana vibao vya mgongo, kuku wanatawanyika. Sikudhani alicheka mpaka machozi. Kisha akaona kwamba Fikirini ameufunga mlango wa nje, na Mwajabu amejiziba mdomo kwa kanga.

"Mjomba," Sikudhani alinong'ona, "si huyu hapa bibi?"

Fikirini aligeuka. Alikwenda mbele ya mtungi, akauinamia, akausemesha kwa adabu zote. "Ewe mtungi, umefurahi leo kupata mgeni?"

"Nimefurahi mno," alijibu Bi Tabu, mikono ingali shingoni mwa dada yake.

"Ewe mtungi, kuna samaki. Ingekuwa ni mtu, angependa kichwa au mkia?"

"Kichwa. Na jana ulinipa mkia, usifikiri nimesahau."

"Jana ilikuwa dagaa, mtungi wangu," Fikirini alisema.

Ndipo Mwajabu alipomvuta Sikudhani jikoni na kumweleza sheria yao, huku akichochea moto kwa nguvu kama moto ndio ulioitunga. Katika Zingatia, mtu akishaota mvi hupelekwa kwenye Kiti cha Usikivu. Hupewa kengele mkononi. Mbele yake hupigwa ngoma mbili, kubwa na ndogo. Ikilia ndogo, atikise kengele; ikilia kubwa, anyamaze. Kila akikosea, kokoto moja hutiwa katika bakuli. Bakuli likijaa kabla mshumaa haujaisha, Baraza hutangaza kwamba mtu huyo hayupo, kwa kuwa mtu ni usikivu wake, na usikivu ukiondoka kilichobaki ni nguo tu. Na kumsalimu asiyekuwepo ni uongo, na uongo ni kosa.

"Basi mji mzima ndiyo tunasema na mitungi," Mwajabu alisema. "Jirani yangu ana baba yake, anasema na kinu. Fundi seremala anasema na dirisha. Chakula tunakisahau mahali, makusudi. Nguo tunazisahau. Mimi nikitaka kumwogesha mama mkwe, nasema ninaosha mtungi."

"Na Baraza hawajui?" Sikudhani aliuliza. Jikoni, na mtu mmoja tu, sauti yake ilikuja.

"Mpima Mkuu mwenyewe ana mama," Mwajabu alijibu. "Nimewahi kumsikia akiubembeleza mwavuli."

Lakini vile vicheko vya uani vilikuwa vimevuka ukuta. Kabla samaki hajaiva, mlango uligongwa, akaingia Mpima Mkuu na msaidizi wake, Mpima Mdogo, kijana mwembamba mwenye shingo ndefu. Mpima Mkuu alikuwa mzee wa makamo, mpole, mwenye sauti nzuri. Mtu ambaye ungependa akusomee dua.

"Mgeni," alimwambia Bi Mashavu, "ulikuwa ukicheka na nani?"

"Na mdogo wangu, huyu hapa."

"Wapi?"

"Hapa! Huoni, baba? Njoo nikutazame hayo macho. Zamani tulikuwa na dawa ya majani, unakamulia..."

Mpima Mdogo alitaka kucheka, akakohoa.

"Anaona asiyekuwepo," Mpima Mkuu alisema kwa huzuni ya kweli. "Kesho asubuhi atakaa Kitini. Akifaulu, ataitwa mgeni aliyekosea njia ya macho, nanyi mtakwenda zenu. Asipofaulu, naye hayupo. Wewe binti utasindikizwa mpaka langoni na askari, peke yako. Askari hawezi kumtoa mtu asiyemwona."

"Lakini ... lango ... wawili ..." Sikudhani alisema, au alidhani amesema.

"Hesabu ya lango itasahihishwa," Mpima Mkuu alisema. "Itakuwa uliingia mmoja."

Sikudhani alikuwa na maneno tele. Alitaka kusema kwamba bibi yake hawezi kufika hata kona ya njia bila kushikwa mkono. Alitaka kusema kwamba akiachwa katika nchi hii atakaa njiani akingojea mjukuu wake, mvua imnyeshee, na watu wampite shingo zimenyooka. Maneno yalipanda, yakafika kooni, yakakuta mlango umefungwa. Wapima wakatoka.

Jioni hiyo, jua likiwa bado lipo, alimkalisha bibi yake uani wamjaribu. Sufuria ikawa ngoma kubwa, bakuli la bati likawa ngoma ndogo. Kwa kengele walitumia kopo lenye mbegu. Mwanzo Bi Mashavu alipatia, akashangilia mwenyewe. Kisha alipita njiwa. Bi Mashavu akamtazama njiwa, akamtazama Sikudhani, akalitazama kopo. "Hili la nini?"

Wakaanza tena. Wakaanza tena. Ndipo Sikudhani alipogundua kitu. Akimshika bibi mkono wa kushoto, mkono wa kulia unakumbuka! Bibi akianza kupotea, ukimminya vidole tu anarudi, "Ee, ee, nipo," na kopo linalia. Ukimwachia, anakwenda na njiwa.

"Lakini Kitini sitaruhusiwa kumkaribia," alimwambia Mwajabu.

"Hakuna anayeruhusiwa," Mwajabu alisema. "Mtu aliyepo akikanyaga jukwaa lile, mtihani umevunjika."

Sikudhani aliutazama mtungi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aingie katika nyumba ile, alisimama katikati ya ua na kusema kwa sauti kamili. Nchi hii, kwa jambo hili moja, ilikuwa imeumbwa kwa ajili ya watu kama yeye: mtungi haukutazami usoni.

"Ewe mtungi," alisema, "kesho bibi yangu atakaa Kitini peke yake. Angekuwepo mtu wa kumshika mkono, angefaulu. Mtu aliyepo haruhusiwi. Lakini mtu asiyekuwepo, nani atamzuia?"

Fikirini aliganda na tonge mkononi. Bi Tabu alikuwa akinyonya kichwa cha samaki. "Nitakwenda mimi," alijibu mtungi. "Dada yangu tangu zamani hajui kukaa peke yake."

Nyumba nzima ilishusha pumzi. Kisha Bi Tabu akafuta mdomo, akageuka, akauliza kwa upole, "Dada Mashavu! Umefika lini?"

Hapo kila mtu akajua kwamba ahadi ile haina pa kulala.

Asubuhi uwanja wa Baraza ulifurika. Siku ya Kiti ni kama sikukuu katika nchi ile. Watu huja na vigoda vyao, na njugu, na vilemba vipya. Bendi ya tarumbeta ilipuliza. Sikudhani alisukumwa hadi mbele, akautazama mshumaa. Zamani, Mwajabu alimwambia, ulikuwa mfupi kama kidole. Lakini kila Mpima Mkuu mpya alitaka akumbukwe kwa kuuongeza kidogo, na sasa ulikuwa na urefu wa mtoto wa kunyonya aliyesimama. Mjumbe mmoja wa Baraza aliwahi kuuliza kama mtihani haujawa mrefu kuliko wazee. Walimjibu kwamba mtihani ni wa shaba na jiwe, haubadiliki. Wanaobadilika ni wazee.

Akakitazama na Kiti chenyewe. Kilikuwa kipana, cha mti mweusi, cha kale sana. Na penye kukaliwa mti ulikuwa umelika kwa makalio ya wazee wengi, ukafanya mabonde. Mabonde mawili, moja kando ya jingine.

"Kwa nini ni kipana hivyo?" alimnong'oneza Mwajabu.

"Wakubwa wanasema ni kwa ajili ya heshima."

"Na hayo mabonde mawili?"

Mwajabu alitazama, akatazama tena, kama mtu anayekiona Kiti kwa mara ya kwanza. "Sijui," alisema. "Hatukuambiwa tuyazingatie."

Bi Mashavu alipandishwa. Aliketi kwenye bonde moja, kengele mkononi, akawapungia watu. Kisha ikaja ile desturi ambayo Sikudhani hakuambiwa, na nusura apige kelele: Wapima wote wawili waligeuza viti vyao, wakampa mzee migongo. Ndiyo haki ya Zingatia. Mpima hamtazami anayepimwa, asije akamwonea huruma. Anasikiliza kengele tu. Mpima Mdogo alishika bakuli na kokoto, uso wake ukielekea ukuta wa Baraza.

Mshumaa ukawashwa. Ngoma zikaanza.

Di! Kengele. Di! Kengele. Dum! Kimya. Watu walipiga makofi. Bi Mashavu aliwainamia.

Hapo wakaingia Wavuta-macho. Hawa ni watumishi wa serikali wenye mishahara mizuri, na kazi yao ni kumpotezea mzee usikivu, ili ijulikane kama anao. Wa kwanza alivaa manyoya ya kuku na kuanguka. Wa pili alipitisha mbuzi mwenye kilemba. Wa tatu alikuwa mama mnene aliyeweka jiko mbele kabisa na kuanza kupika vitumbua, vya nazi na iliki, harufu ikatembea uwanja mzima.

Di! Hakuna kengele. Bi Mashavu alikuwa anamtazama mbuzi. Kokoto likalia bakulini. Di! Kokoto. Dum! Kengele, kwa nguvu. Kokoto.

"Bibi," Sikudhani alisema kwa ndani. "Bibi, mimi hapa."

Bi Mashavu alikuwa ameiweka kengele mapajani na anawatafuta watu kwa macho, uso umemchanganyika, kama mtu aliyeamshwa nyumba ya ugenini. Sikudhani aliujua uso ule. Kokoto. Kokoto. Bakuli lilikuwa limefika nusu, na mshumaa haujapungua hata ukubwa wa ukucha. Alimtafuta Bi Tabu kati ya watu, hayumo. Fikirini alikuwa amesimama nyuma, ameukumbatia ule mtungi, hajui aupeleke wapi.

Na hapo, wapendwa, vitumbua vilipoiva, ndipo walipokuja wasiokuwepo.

Walikuja kama wanavyokuja kila Siku ya Kiti, kwa kufuata harufu, vikongwe na vizee vya mji, na kila mmoja alichota kitumbua chake kikaangoni bila kuomba. Mpishi hakuweza kuwakataza, maana hakuwaona. Aliwapepea tu vitumbua vipoe, wasiungue. Na katikati yao, mashavu yamejaa, alikuwa Bi Tabu! Mambo ya mtungi alikuwa ameyasahau zamani. Alikuja kula. Akageuka na kitumbua cha pili mkononi, akamwona dada yake juu ya jukwaa.

"Dada Mashavu! Unafanya nini huko juu peke yako?"

Akapanda. Hakuna askari aliyemzuia; askari wote waliyatazama mawingu. Akakaa kwenye bonde la pili la Kiti, likamchukua kama lilikuwa likimngoja. Akauweka mkono wa dada yake ndani ya wake.

"Tunatwanga?" Bi Tabu aliuliza, maana ngoma zilikwenda sawasawa na michi.

"Tunatwanga," Bi Mashavu alisema, na uso wake ukarudi nyumbani.

Walikuwa wametwanga kinu kimoja utoto wao wote, mmoja akipandisha mchi mwingine anashusha. Sasa wakaanza kuyumba, bega kwa bega. Di! "Haya!" alisema Tabu, na kengele ikalia. Dum! "Ngoja," alisema Mashavu, na kengele ikanyamaza. Mbuzi alipita; Tabu akamfuata kwa macho; Mashavu akamminya vidole. Mtu wa manyoya akaanguka. Mashavu akaanza kucheka akapotea. Tabu akampiga kiwiko. Vitumbua vipya vilipoiva wakapotea wote wawili, na makokoto yakaanguka mfululizo mpaka Sikudhani akafumba macho. Kisha, di! "Haya!" Walirudi! Akili moja haikutosha, lakini nusu mbili zilikuwa zikipokezana, na uwanja mzima sasa ulikuwa unayumba nao, unapumua nao, na makokoto yalikuwa yamefika ukingoni lakini hayajamwagika, na mshumaa, ule mshumaa mrefu wa fahari, ulikuwa unakwenda, unakwenda, ukafika chini, ukatoa moshi, ukazimika.

Uwanja ulilipuka. Vigelegele, tarumbeta, njugu hewani.

"Kuna mtu amemsaidia!" Mpima Mdogo alipiga kelele. Alikuwa amesimama, ameugeukia umati. "Nimesikia sauti ya pili! Mtihani umevunjika!"

Kelele zikakatika. Mpima Mkuu alisimama taratibu, bado ametazama ukuta. Watu wakatazamana. Fikirini aliuficha uso nyuma ya mtungi. Na askari wawili wakaanza kusogea upande wa Sikudhani.

Alijua maneno ni yapi. Lilikuwa neno moja tu, na uwanja wote ulikuwa unalo mdomoni, na hakuna aliyelitoa. Alihisi lile koo likifunga. Akamtazama bibi yake kule juu, amekaa wima, kengele mkononi, anamtafuta yeye. Sikudhani akainua mkono. Ule mkono ambao darasani haukuwahi kuinuka, aliuinua mpaka kwapa likamuuma.

"Nani?" alisema.

"Nini?" alisema Mpima Mdogo.

"Nani amemsaidia?" Sauti yake ilikwenda mpaka kwenye tarumbeta na kurudi. "Mtaje!"

"Ni huyu hapa! Ni Bi..." Mpima Mdogo alinyoosha kidole, na kidole kikabaki hewani. Mdomo ulikuwa wazi. Akamtazama Bi Tabu, naye Bi Tabu akampa kipande cha kitumbua.

"Bi nani?" Mpima Mkuu aliuliza ukutani. Sauti yake ile nzuri ilikuwa na mtetemo. "Unamwona mtu, kijana wangu? Juu ya Kiti? Basi niambie kwanza: ulimwona ukiwa umegeuza mgongo, au umevunja haki ya kupima?"

"Sikumwona," Mpima Mdogo alisema. "Hakuna mtu. Nimesikia ... mtungi."

Mtu mmoja alianza kucheka, kisha mwingine, kisha uwanja mzima, mpaka mpishi wa vitumbua akakaa chini. Mpima Mkuu aligeuka hatimaye. Alikitazama Kiti kwa muda mrefu, na yale mabonde mawili, na wale wakongwe wawili wanaogombea kengele. Sikudhani hakujua alikuwa anamwona nani.

"Yupo," alitangaza. "Mgeni Mashavu yupo. Apite lango na mjukuu wake."

Waliondoka siku hiyo hiyo, jua la saa kumi likiwa bado kali, Sikudhani akiwaharakisha bibi zake, Baraza wasije wakabadili mawazo. Bi Mashavu alimshika Sikudhani kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alimshika Bi Tabu, na hakuna neno la duniani ambalo lingemfanya auachie. Fikirini aliwafuata mpaka langoni na mtungi wake kifuani, jasho linamtiririka.

Mlinzi wa kofia ya kanga alisimama katikati ya njia. "Wangapi?"

"Wawili," alisema Sikudhani, kwa sauti iliyosikika.

Mlinzi aliwatazama. Aliitazama mikono iliyoshikana. Kisha akaigeukia nguzo ya lango. "Ewe nguzo," alisema, "mbele kuna matope. Mtu mzee avue viatu, asiteleze." Na akaimba kwa kifua chote, "Wameingia wawili, wametoka wawili!"

Fikirini aliuinamia mtungi. "Ewe mtungi," alianza. "Ewe mtungi, huko uendako ..." Hakuweza. Akauweka chini, mavumbini, akaunyoosha mgongo. Akaja mbele ya mama yake mchana kweupe, mlinzi anaona, barabara nzima inaona, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Bi Tabu alimwekea mkono kichwani. "Marahaba, Fikirini. Mbona siku zote hizi hukuniamkia?"

Mlinzi aliishusha kofia yake mpaka ikafunika masikio yote mawili. Nyuma, njiani, mwanamke mmoja aliyekuwa akisema na ndoo alinyamaza, akageuka, akamtazama mzee aliyekaa kando yake.

Watatu wakavuka. Matope yalikuwepo kweli; viatu walivivua. Walikuwa wamekwenda kitambo, wanatembea kwa mwendo wa kutwanga, wakati Bi Mashavu aliposimama ghafla na uso wake ukang'aa kwa wazo jipya kabisa.

"Sikudhani," alisema, "tunakwenda lini kwa Tabu?"

Sikudhani alifungua mdomo amweleze. Lakini Bi Tabu alimtangulia. Akaukaza mkono wa dada yake, akaongeza hatua.

"Twende sasa hivi," alisema. "Na mimi nina hamu naye."